Neno la Kilatini bos: Maumbo, Asili na Uzito Wake kwa Etimolojia na Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maumbo na asili ya neno la Kilatini bos, "ng'ombe", pamoja na maneno ya ukoo wake, hususan bubalus na Bovidae. Hoja kuu ni kwamba konsonanti ya kwanza ya neno hili inavunja kanuni ya sauti ya Kilatini, na kwamba uvunjaji huo ndio ushahidi kuwa neno lilikopwa kutoka lugha za majirani wa mashambani. Kigezo hicho kinatumiwa pia kupima maneno machache ya mifugo katika Kiswahili. Mwishoni makala yanaonyesha namna tafsiri moja ya "ng'ombe" kwa maneno yote ya ukoo huu inavyoleta utata katika nyaraka za forodha na za afya ya wanyama katika Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Daktari wa mifugo hukutana na neno bos mapema kuliko mwanaisimu. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu huitwa kitaalamu Bos indicus. Bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe huitwa Mycobacterium bovis, yaani "wa ng'ombe". Na familia nzima ya wanyama wenye pembe za kudumu, kuanzia mbuzi hadi pofu, imepewa jina la Bovidae. Afisa wa forodha naye hulikuta katika orodha ya ushuru. Hivyo neno lililosemwa na wachungaji wa Italia ya kati zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita linaamua leo mzigo upi uandikwe chini ya kichwa kipi katika mpaka wa Namanga au wa Rusumo.

Kuna sababu nyingine ya kulileta mbele ya wataalamu wa Kiswahili. Mijadala yetu ya etimolojia bado huegemea mno mfanano wa sura. Mtu huweka neno la Kiswahili kando ya neno la Kiarabu, la Kiajemi au la Kihindi, huona kwamba yanafanana, kisha hutangaza chanzo. Mfanano ni mwanzo tu wa uchunguzi, na mara nyingi ni mwanzo mbaya. Neno bos linafundisha njia ya kinyume: chanzo chake kilitambuliwa kutokana na pale lilipokataa kufanana na maneno mengine ya lugha yake.

2. Maumbo

Katika vitabu vya sarufi bos huwekwa katika kundi la tatu la nomino, lakini ni neno kaidi. Likiwa kiima husemwa bos, kwa irabu ndefu. Likimilikishwa huwa bovis; likiwa yambwa, bovem; likiwa yambwa tendewa, bovi; na baada ya vihusishi kadhaa, bove. Katika wingi tunapata boves kwa kiima na yambwa, boum kwa umilikaji badala ya bovum tuliyoitarajia, kisha bobus au bubus, maumbo mawili yanayoshindania nafasi moja.

Ukaidi huu una historia. Shina la kale lilikuwa na irabu unganifu ou. Ilipofuatwa na irabu nyingine, sehemu yake ya pili ilibaki kama v, ambayo Warumi waliitamka karibu na w yetu: bovis, bovem. Ilipofuatwa na konsonanti, ou ya Kilatini iligeuka kuwa u ndefu. Mabadiliko haya yana ushahidi wa maandishi: katika jeneza la mawe la Lucius Cornelius Scipio Barbatus limechongwa umbo abdoucit, pale ambapo Kilatini cha baadaye kingeandika abducit, "anachukua mateka". Basi bubus ni zao halali la kanuni hiyo, ilhali bobus imevutwa na irabu ya kiima bos. Ama boum, hilo limetokana na kudondoka kwa v mbele ya irabu ya mviringo, jambo la kawaida katika Kilatini cha kale.

Yambwa bovem inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Lugha nyingine za ukoo wa Kihindi-Kiulaya zimehifadhi umbo fupi na la kale la yambwa: Kisanskriti gam, Kigiriki cha Kidori bon, Kiumbria bum, yote kwa irabu ndefu. Kilatini hakina umbo hilo. Warumi waliliunda upya neno kwa kufuata bovis, kama vile Waswahili walivyolipokea neno la Kiarabu kitabu, wakaliona lina kiambishi ki-, kisha wakasema vitabu bila kuuliza wingi wa Kiarabu ni upi. Neno lililokopwa haliingii na sarufi yake yote. Mlango wa nyumba mpya huwa na kimo chake.

Kuhusu jinsia, bos ni neno la kike na la kiume kwa pamoja. Humtaja dume, jike na hata aliyehasiwa, na kivumishi kinachoandamana nalo ndicho kinachobainisha. Hapo mzungumzaji wa Kiswahili yuko nyumbani, kwa kuwa ng'ombe naye huhitaji dume au jike baada yake. Walipotaka neno mahsusi Warumi walikuwa na taurus kwa fahali, vacca kwa jike, vitulus kwa ndama na bucula kwa mtamba. Taurus ni neno la kusafiri: linafanana na Kigiriki tauros na pia na Kiarabu thawr, neno ambalo wasomaji wetu wa elimu ya falaki wanalijua katika jina la buruji. Wataalamu wamejadili sana ni upande upi uliokopa, nami sitaingia katika mjadala huo hapa, kwa sababu neno letu lina kesi iliyo wazi zaidi.

3. Konsonanti isiyotarajiwa

Umbo la kale linaloundwa upya kwa lugha mame ya Kihindi-Kiulaya ni gʷōus. Konsonanti yake ya kwanza ilikuwa g iliyotamkwa nyuma ya kinywa huku midomo ikiviringwa, takriban gw ya neno letu gwaride, ila kama sauti moja. Kila tawi la ukoo huo liliibadili sauti hii kwa njia yake na kwa utaratibu. Kisanskriti kilibakiza g: gauh. Kiajemi vivyo hivyo: gav. Kilatvia: govs. Kiarmenia kiliifanya k: kov. Lugha za Kijerumani nazo ziliifanya k, ndiyo sababu Waingereza husema cow. Kigiriki, mbele ya irabu kama hii, kiliifanya b: bous.

Kilatini je? Mwanzoni mwa neno, mbele ya irabu, sauti hiyo huwa v. Mifano haina utata. Palipo na Kisanskriti gam- "enda", Kigiriki baino na Kiingereza come, Kilatini kina venio, "ninakuja". Palipo na Kisanskriti jiva na Kigiriki bios, Kilatini kina vivus, "hai". Palipo na Kigiriki bora, "chakula cha mnyama", Kilatini kina voro, "ninameza kwa pupa". Mfano huu wa mwisho ni muhimu, kwa sababu unazuia njia ya mkato. Mtu angeweza kudai kwamba mbele ya irabu o kanuni ilikuwa tofauti na kwamba b ya bos ni halali. Voro ina o, na bado ina v.

Kwa hiyo Mrumi alipaswa kumwita ng'ombe wake vos. Hakufanya hivyo, alisema bos. Kuna kishawishi cha kueleza jambo hili kwa kusema kwamba vos tayari lilikuwa neno la Kilatini lenye maana ya "ninyi", na hivyo wasemaji waliepuka kuwaita wenzao na ng'ombe kwa jina moja. Maelezo hayo yanachekesha lakini hayatoshi. Lugha huvumilia maneno ya sauti moja pasipo taabu. Sisi tuna paa la nyumba, paa wa porini, paa samaki na paa angani, na hakuna aliyewahi kumpiga mshale mwezeko wa jirani yake kwa makosa. Isitoshe, hata kama wasemaji walitaka kuepuka mgongano, bado ingebidi tueleze kwa nini walichagua b na si sauti nyingine.

Jibu liko kwa majirani. Mashariki na kusini mwa Roma zilisemwa lugha za tawi la Kisabeli, zilizo dada wa Kilatini: Kioski kusini, Kiumbria upande wa kaskazini-mashariki, na baina yao lugha za jamii ndogo wakiwamo Wasabini. Katika lugha hizo, gw ya kale huwa b kwa utaratibu kamili. Palipo na Kilatini vivus, Kioski kina bivus. Palipo na Kilatini convenit, "ilikubaliwa", jiwe la mkataba baina ya miji ya Nola na Abella kuhusu hekalu la Hercules lina umbo la Kioski kúmbened. Palipo na Kilatini veru, "mshikaki wa kuokea nyama", Kiumbria kina berva. Na juu ya yote, Mabamba ya Gubbio, yale mabamba saba ya shaba yaliyogunduliwa mwaka 1444 na yaliyoandikwa maelekezo ya ibada kwa Kiumbria, yanataja dhabihu ya ng'ombe mara kwa mara: bum katika umoja, buf katika wingi. Mbele ya lango mojawapo la mji makuhani wanaagizwa kumchinjia Jupiter mwenye lakabu ya Grabovius ng'ombe watatu, na neno lililotumika ni hilo buf.

Katika lugha hizo b ni halali. Katika Kilatini ni ngeni. Neno bos lilivuka mpaka likiwa na mavazi ya kwao.

4. Mfugaji kukopa jina la mfugo wake

Hapa msomaji ana haki ya kupinga. Tunaelewa kukopa jina la kitu kipya: waliopokea baiskeli walipokea na jina lake. Lakini Walatini walifuga ng'ombe tangu kabla ya Roma kuwa mji. Wangekosaje neno la kwao?

Hawakulikosa; walilibadilisha. Ushahidi ni kwamba bos halisimami peke yake. Kuna kundi zima la maneno ya Kilatini yenye sura ya Kisabeli, na mengi ni ya shambani, ya machungani na ya sokoni. Popina, "mgahawa", ina p mbili za Kisabeli, ilhali ndugu yake wa asili ya Kirumi, coquina, "jiko", amebaki nyumbani. Lupus, "mbwa mwitu", adui wa kila mchungaji, kwa kawaida huhesabiwa katika kundi hilohilo kwa sababu ya p yake. Rufus, "mwekundu", ina f pale ambapo Kilatini halisi, katika ruber, kina b. Kuhusu rangi hiyohiyo, mwanakamusi Festo ameeleza kwamba watu wa mashamba walimwita ng'ombe mwekundu kwa neno robus, lenye o ndefu badala ya u ya mjini. Hiyo o ndiyo tunayoiona pia katika bos. Lugha ya ng'ombe katika Roma ilikuwa lugha ya watu wa mashamba.

Jiografia inaunga mkono hoja hii. Soko la kale la ng'ombe mjini Roma, Forum Boarium, lilikuwa kando ya mto Tiber, chini ya vilima vya Palatino na Aventino. Kutoka upande huo wa mji njia ya chumvi, Via Salaria, ilipanda kuelekea nchi ya Wasabini. Chumvi ilikwenda juu, mifugo ikashuka chini. Katika mazingira ya namna hiyo, jina linaloshinda ni la muuzaji anayejua kumpambanua mnyama, kwa kuwa yeye ndiye anayelitamka mara nyingi zaidi, kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya watu wengi zaidi.

Lahaja za Italia zimeendelea kutoa ushahidi hadi zama zetu. Mlimaji kwa ng'ombe aliitwa katika Kilatini cha mjini bubulcus. Kiitaliano cha leo kina bifolco, lenye f ya Kisabeli. Neno la mjini lilikufa katika mazungumzo. La shambani likaishi.

Kiswahili hakipaswi kustaajabia hali hii, kwa sababu nacho kimefanya hivyohivyo. Wabantu wa pwani walikuwa na ng'ombe na walikuwa na neno ndume kabla ya Kiarabu kuwafikia kwa kina. Hata hivyo dume la ng'ombe tunaliita fahali, kutokana na Kiarabu fahl, "mnyama dume", na dume aliyehasiwa tunamwita maksai, kutokana na makhsi. Fahali limeingia hadi katika methali ya mafahali wawili na zizi moja, na msemaji wa leo halioni kuwa geni hata kidogo. Mkopo wa neno la mfugo basi hauthibitishi kwamba mfugo wenyewe ulikopwa. Nimewahi kusoma tasnifu zilizotumia neno fahali kudai kwamba ufugaji wa ng'ombe wa pwani ni urithi wa Waarabu. Kwa mantiki hiyo ingebidi tuseme kwamba Warumi hawakujua ng'ombe mpaka Wasabini walipowaonyesha.

Maksai inafaa kutazamwa kidogo zaidi, kwa kuwa inatupa kipimo cha sauti kama kile cha bos. Sauti kh ya Kiarabu kwa kawaida hutupa h katika Kiswahili sanifu: habari, heri, hatari. Kitenzi kuhasi, chenye mzizi mmoja na maksai, kinafuata kanuni hiyo. Maksai yenyewe ina k. Je, ni neno lililopitia njia nyingine? Si lazima. Katika makhsi, kh imefunga silabi na imefuatwa mara moja na s. Kiarabu rukhsa kiko katika hali hiyohiyo, na kimetupa maneno mawili: ruksa, yenye ks, na ruhusa, ambamo irabu imetiwa katikati na kh ikawa h. Kwa hiyo k ya maksai ina kanuni yake ndogo, na jozi ya ruksa na ruhusa ndiyo inayoithibitisha. Mwanakamusi anayeandika alama ya Kiarabu mbele ya maksai na kuishia hapo amesema kweli, lakini ameacha sehemu yenye faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi.

Na ng'ombe je? Mzizi unaoundwa upya kwa Mame-Bantu ni -gombe, na katika ukubwa bado tunasema gombe. Wapo wanaovutiwa kuliweka kando ya Kiajemi gav au Kisanskriti gauh na kuona undugu. Hakuna undugu. Neno la Kibantu lina mb katikati, ambayo haina mwenzake popote katika ukoo wa gʷōus, na limesambaa katika lugha za Kibantu zilizo mbali mno na bahari na biashara yake. Silabi moja inayofanana kati ya maelfu ya maneno haina uzito. Swali lenye maana kuhusu ng'ombe ni jingine: kwa nini lina king'ong'o ng', wakati nguo, ngozi na ngazi zina ng kamili? Tukiliweka pamoja na ng'ambo na ng'amba tunaona kwamba katika yote matatu silabi inayofuata ina mb. Umbo hilo linalingana na ile kanuni ya lugha za Kibantu za Mashariki iliyopewa jina la Meinhof, ambapo king'ong'o na kipasuo hupunguka na kuwa king'ong'o kitupu iwapo mfuatano mwingine wa king'ong'o unakuja nyuma yake. Anayetaka kuitumia kanuni hiyo kwa Kiswahili itambidi alieleze pia neno ngonjera, ambalo limebakiza ng mbele ya nj. Hapo ndipo utafiti unapoanza, kama ulivyoanza pale mtu alipouliza kwa nini bos si vos.

5. Bubalus na ng'ombe wa Lukania

Jina la mnyama likishazoeleka, huanza kuazimwa kwa wanyama wengine. Warumi walipowaona tembo kwa mara ya kwanza katika vita dhidi ya mfalme Pyrrhus, mnamo mwaka 280 K.K. katika nchi ya Lukania, waliwaita bos Luca, "ng'ombe wa Lukania". Varro, aliyeandika kuhusu lugha ya Kilatini katika karne ya 1 K.K., anayataja maelezo ya namna hiyo: mnyama mkubwa kupita wote waliomjua alikuwa ng'ombe. Asiyeona mantiki hiyo akumbuke kwamba sisi tumemwita mnyama wa porini punda, tukamwongezea milia.

Bubalus lina safari ndefu zaidi, na ni safari inayoigusa Afrika. Limetoka katika Kigiriki boubalos, na kwa asili lilimtaja mnyama wa Afrika ya Kaskazini wa jamii ya kongoni. Plinio, katika karne ya 1 B.K., analalamika kwamba watu wasio na elimu wanawapa jina hilo ng'ombe mwitu wakubwa wa misitu ya Ujerumani, ilhali bubalus halisi ni mnyama wa Afrika anayefanana kiasi na ndama na kiasi na kulungu. Malalamiko yake hayakusaidia. Sehemu ya kwanza ya neno ilisikika kama bos, watu wakaelewa kwamba ni aina ya ng'ombe, na maana ikahama kabisa. Kongoni yule wa Kaskazini ametoweka duniani, lakini ndugu zake wapo Serengeti na katika mbuga ya Nairobi, wakibeba jina la kitaalamu Alcelaphus buselaphus, ambamo bous ya Kigiriki bado imejificha.

Katika Kilatini cha mwisho bubalus lilipata umbo la pili, bufalus, na msomaji aliyefika hapa ataitambua ile f ya shambani. Kutoka humo limetoka Kiitaliano bufalo, Kireno búfalo na Kiingereza buffalo, ambalo walowezi walilihamishia kwa mnyama wa tatu huko Marekani. Linnaeus alipowapa wanyama majina mwaka 1758 alimwita nyati-maji wa Asia Bos bubalis. Leo anaitwa Bubalus bubalis. Nyati wetu wa Afrika aliitwa na Sparrman Bos caffer mwaka 1779, kisha akatengwa katika jenasi yake, Syncerus, jina la Kigiriki linaloashiria pembe zilizokutana, kama anavyojua yeyote aliyemtazama mbogo dume usoni.

Tawi lenyewe la bos lilizaa Kiitaliano bue, Kihispania buey, Kireno boi na Kifaransa bœuf. Kutoka kwa Wafaransa Waingereza walipokea beef, nyama, ingawa tayari walikuwa na cow. Maneno yote mawili yametoka katika shina lilelile la kale, moja kwa njia ya Kijerumani, jingine kupitia Wasabeli, Warumi na Wafaransa. Vijana wetu wanapozungumzia bifu la wasanii wawili wanalitumia neno la wachungaji wa Apenini, b yake ikiwa haijaguswa.

6. Ng'ombe, nyati na kichwa 01.02

Historia hii ina matokeo katika ofisi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika ibara ya 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Tangu kuingia kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, nyaraka nyingi zaidi zina asili ya Kifaransa, na zile za Kiingereza zipo tangu zamani. Katika lugha zote mbili kivumishi kilichotokana na bovis hutumika kwa mawanda yanayobadilika, na watafsiri wetu wana mazoea ya kuandika "ng'ombe" kila wanapokutana nacho.

Kwa baadhi ya matumizi tafsiri hiyo inafaa. Katika orodha ya ushuru haifai. Mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa, ambao ndio msingi wa Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya, una kichwa 01.02 cha wanyama hai wa kundi hili, nacho kimegawanywa katika ng'ombe, nyati na wengineo. Tafsiri inayokiita kichwa kizima "ng'ombe hai" inamfanya nyati kuwa aina ya ng'ombe kisheria, au inamwacha nje bila pa kumweka. Mfugaji wa kawaida hatapata hasara kwa hilo. Anayesafirisha wanyamapori hai anaweza kuipata, na wakili wake atakuwa na hoja.

Upande wa afya ya wanyama hatari ni kubwa zaidi. Mycobacterium bovis humwambukiza nyati pia. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, maambukizi ya nyati yamefuatiliwa tangu mwaka 1990. Mwongozo wa Kiswahili unaosema kwamba "kifua kikuu cha ng'ombe" ni ugonjwa wa ng'ombe unamwambia mfugaji anayepakana na hifadhi kwamba nyati anayekunywa katika lambo lake hamhusu. Jina la ugonjwa linaweza kubaki, kwa kuwa limezoeleka, lakini maelezo yanayolifuata yanapaswa kumtaja nyati katika sentensi ya kwanza.

Kisha kuna Bovidae, jina lililotolewa na Gray mwaka 1821. Limejengwa juu ya bos, lakini linawajumuisha swala, paa, kongoni, mbuzi na kondoo: wote wenye pembe tupu zilizovalishwa juu ya mfupa, zisizopukutika kila mwaka kama za kulungu wa Ulaya. Vitabu vyetu vya biolojia vinapoliita "familia ya ng'ombe" vinamfanya mwanafunzi adhani mbuzi ametokana na ng'ombe. Napendekeza istilahi bovidi, ngeli ya i-/zi- kwa kundi, na familia ya bovidi kwa jina rasmi. Kwa kichwa 01.02 na kwa kila sheria yenye mawanda hayo, istilahi iwe "wanyama wa jamii ya ng'ombe na nyati", hata kama ni ndefu. Neno ng'ombe pekee libakie kwa Bos taurus na Bos indicus, pamoja na machotara wao, wakiwamo Ankole wenye pembe ndefu.

Kwa vyombo vyenye dhamana ya kamusi, ombi ni dogo zaidi. Kidahizo kinachobeba alama ya lugha chanzi kiongezewe umbo la neno katika lugha hiyo, na pale sauti inapokwenda kinyume cha kawaida, maneno matatu au manne ya kueleza. Kwa maksai ingetosha kuandika: Kiarabu makhsi, "aliyehasiwa", linganisha hasi, ruksa, ruhusa.